Kilicholiwa na Kilichoachwa

Jumanne, 3 Septemba 2024

Tumetoka kumzika jirani yetu, mume wa Houda. Alikuwa rafiki wa mume wangu Massoudi tangu madrasa, hapa hapa Buyenzi, Bujumbura.

Wanaume walipoingia kumpa Houda pole, mume wangu naye akaingia. Akamtazama mjane. Akasema: pole. Halafu akasema: "Ule mubuzi mumechinja, mutapika saa ngapi?"

Watu wakacheka kidogo. Walidhani ni utani wa watani. Hata Houda alitabasamu, na machozi yake hivyo hivyo. Mi sikucheka. Naishi na huyu mtu tangu nina miaka kumi na tisa. Huyu ni mtu aliyelia kwa sababu gari lilikanyaga paka – paka wa watu wengine!

Nyumbani nikamuuliza: Baba Lubna, humukumbuki rafiki yako? Akanisimulia yote. Safari yao ya Uvira, jina la mwenye lori, rangi ya turubai, nani alitapika njiani. Hakuruka kitu. Alisimulia huku anachokonoa meno.

Angekuwa amesahau, ningejua la kuogopa. Bibi yangu alisahau, akafa anatafuta viatu alivyovaa. Huyu hakusahau kitu. Sasa mi naogopa nini?

Ijumaa, 6 Septemba

Nachunguza. Kuuza vitenge pale mtaani Asiatique kumenifundisha hilo: mwanamke akigusa kitambaa tu, najua kama atanunua au amekuja kukimbia jua. Nimeamua mume wangu awe mteja.

Mikono yake mizima. Jana amekata ngozi ya viti vya gari la watu, bila chaki, mstari umenyooka kama wa kiwandani. Njia anazijua. Sala hazimpiti. Kurani aliyoihifadhi akiwa mtoto iko yote kifuani, hakuna herufi iliyodondoka.

Lakini anatia sukari kwenye maharage. Maharage! Haogi mpaka aambiwe. Mteja alimwambia mtoto wake amelazwa, yeye akamjibu kiti cha nyuma kitakuwa tayari kesho. Na jana mtoto wa mpangaji aligusa jiko la makaa, akapiga yowe la kutoa roho. Massoudi alikuwa karibu kuliko mimi. Aliinua mguu, akamruka, akaenda zake msalani.

Nilimpaka mtoto dawa, macho yangu kwenye mlango wa msalani. Si mtoto niliyekuwa namwogopea.

Wifi Mwanvua, dada yake, ana jibu lake. Anasema ni mwanamke. "Mwanaume akianza kupenda sukari hivi, wifi, ujue kuna mutu anamupa utamu huko inje." Nikamwambia kama yuko mwanamke, namuomba basi amukumbushe kuoga.

Jumatano, 11 Septemba

Hospitali Rohero, kwa miguu. Esansi ya magari hakuna, mabasi yamelala. Massoudi alitembea mbele yangu bila kugeuka, kama vile mi ni mtu tu anayeelekea upande ule ule.

Dokta Herménégilde ni daktari wa ubongo, kijana, viatu vinang'aa. Alianza na maswali. Leo tarehe gani? Massoudi akajibu, akaongeza ya Kiislamu juu yake. Hesabu kurudi nyuma. Chora saa. Kumbuka maneno haya. Yote sawa. Dokta akanitazama kama wanavyotutazama wanawake tunaoleta waume wazima hospitali.

Halafu akatoa picha za nyuso. "Huyu anasikia nini moyoni?" Picha ya mwanamke ameogopa, macho yamemtoka. Massoudi akasema: "Ana hereni." Picha ya mwanaume mwenye hasira. "Huyu ana masharubu." Picha ya mtu analia. "Huyu amelowa."

Dokta akaacha kutabasamu.

Akaweka kwenye kompyuta foto ya skana ya kichwa tuliyotumwa kupiga Jumatatu. Mi sijasoma udaktari, lakini kitambaa kilichosinyaa majini nakijua. Nyuma ya ubongo kumejaa, kumebana vizuri. Mbele na ubavuni kumesinyaa, kuna nafasi nyeusi, kama boga lililosahauliwa juani upande mmoja. Ndani ya kichwa cha baba wa mtoto wangu!

Alitaja jina la ugonjwa kwa Kifaransa. Refu. Nikamwomba aseme tena. Akasema tena, halikufupika.

Nikauliza: kwa nini hapo? Kwa nini umekula huruma ukaacha Uvira?

Alivuta kiti karibu na kompyuta. Akasema ubongo si chumba kimoja, ni mitaa. Kuna protini zinajikunja vibaya, zinarundikana ndani ya seli kama takataka zisizozolewa, seli zinakufa. Lakini kila ugonjwa una mtaa wake wa kuanzia. Ule wa kusahau unaanzia kwenye mlango wa kumbukumbu. Ule wa kutetemeka unapiga sana kipande kidogo cheusi huko chini, cha kuendesha mwili. Upo mwingine unaua seli zinazoamuru misuli, mtu hawezi kuinua mkono, hawezi kumeza – na macho mara nyingi unayaacha. Anabaki anatazama.

Huo ndio ulionipa baridi, na wala si wetu.

Na huu wa Massoudi unaanzia mbele, kwenye mtaa wa aibu, huruma, kujizuia, kusoma uso wa mwenzako. Dokta anasema huko kuna seli kubwa, ndefu, zinafanya kazi nyingi na kula nguvu nyingi. Labda ndizo zinazochoka kwanza. Labda. Alisema labda nyingi kuliko shehe anavyosema inshallah. Mwisho akakiri: "Mama, kwa nini hapa na si pale, bado tunatafuta, dunia nzima." Nilimpenda kwa hilo.

Dawa ya kuurudisha nyuma? Apana.

Muda wote Massoudi alikuwa anamaliza peremende zilizowekwa mezani kwa ajili ya watoto.

Tukiwa tunasimama Dokta akauliza: katika ukoo wake, yuko mwingine aliyebadilika hivi? Nikamwambia. Baba mkwe. Miaka yake ya mwisho alikuwa anacheka makaburini na kuvua nguo uani, watu wakasema ni majini. Dokta akaandika. Akasema wakati mwingine ugonjwa huu unapita kwenye damu, wakati mwingine apana. Kama ni ule wa damu, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Kipimo hapa hakuna.

Mi nina mtoto mmoja. Lubna. Nusu ya mtoto mmoja ni nini?

Alhamisi, 12 Septemba

Dukani. Wateja hakuna, nafikiri bure.

Kwanza nilifikiri ni kama moto. Moto naujua, kibanda changu kiliungua na soko kuu mwaka 2013. Lakini moto ule haukuchagua, uliingia vyumba vyote kama mpita njia mwenye njaa. Huu unachagua. Umekaa kati ya mambo mawili yaliyolala kitanda kimoja – jina la mtu na kumhurumia yule mtu – umekula moja, umeacha jingine safi.

Baadaye nikapata. Ni kama umbea! Umbea hauendi kwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Unaanza kwa Mwanvua, unamruka jirani yake, unakwenda mpaka mtaa wa Kinama kwa shoga yake, kwa sababu huyo ndiye anayempigia simu kila siku. Unafuata simu, haufuati nyua. Na unawamaliza wale wanaoongea sana. Jirani aliye kimya unamwacha. Dokta naye alisema hivyo, kwa lugha ya shule: seli zinazoongea pamoja zinaambukizana takataka.

Kwa hiyo sehemu ya mume wangu iliyokuwa inaongea sana na watu ndiyo iliyoliwa. Ile iliyokaa kimya na Kurani, na ngozi, na barabara, imebaki.

Nilifurahi kupata jibu. Nikafurahi kama dakika moja. Halafu nikakumbuka Lubna anaongea na watu kuliko wote nyumbani.

Lubna sikumwambia neno la damu. Wala Ilyasi, mdogo wake Massoudi, sikumwambia. Nimewaambia tu: Dokta amesema ni ugonjwa wa mishipa ya kichwa. Kila mtu ana mishipa ya kichwa. Hakuna aliyeogopa.

Jumamosi, 14 Septemba

Ya Rabi.

Tunakula. Massoudi anasema, na wali mdomoni: "Nimemupa Khaled Lubna. Ndoa Ijumaa ya tarehe ishirini na saba. Leta sukari."

Lubna akacheka. Mi pia karibu nicheke. Kisha nikaona hachezi. Hachezi tena siku hizi, hiyo nayo imeliwa.

Khaled anauza vipuri vya magari jirani na duka langu. Umri wake na wa Massoudi ni mmoja. Wake wawili. Massoudi huenda pale kila mchana kwa sababu Khaled ana halua inayotoka Dubai. Leo walikuwa wanakula, Khaled akatania: "Fundi, we unamaliza halua yangu, mi utanipa nini?" Massoudi akajibu: nina binti. Khaled akacheka. Massoudi hakucheka, akampa mkono, mbele ya watu wanne. Akasoma Fatiha. Bila kosa.

Lubna akamuuliza: "Baba, umenitoa kwa halua?" Akasema: "Apana. Halua nimekula tayari."

Alisema bila ubaya wowote. Ningeona ubaya ningejua pa kushika. Nilitazama macho yake nikaona macho tu.

Jumapili, 15 Septemba

Lubna hajatoka chumbani tangu asubuhi. Amebakiza mwaka mmoja chuoni. Kupitia mlango ananiambia: "Mama, nenda useme Baba ni mugonjwa. Basi! Mugonjwa hatoi mutu."

Yeye anaona ni rahisi.

Nikaenda kwa Khaled. Jana nilikuwa shemeji, leo ananiita mama mkwe. Nimepanda cheo bila mtihani. Si mtu mbaya, hilo ndilo gumu. Aliniwekea kiti, akafuta vumbi. Nikamzungukia kidogo kidogo: Massoudi siku hizi hayuko sawa, neno lake usilibebe sana.

Akacheka mpaka mkufu ukaruka kifuani. "Massoudi? Mama mukwe, yule ana akili kutushinda! Jana amenitajia plaki, namba ya gari langu la kwanza. Ile Peugeot! Mimi mwenyewe nimesahau."

Nikamwambia kumbukumbu ni kitu kimoja, akili ni kitu kingine. Akanitazama kwa huruma. Akasema anaelewa, hakuna mama anayependa binti yake awe mke wa tatu. Ila mkono umeshatolewa na Fatiha imeshasomwa, na watu wameona. Yeye akirudi nyuma, si atakuwa amemtukana rafiki yake, kumfanya mwendawazimu sokoni?

Amenipa bidoni, dumu zima la esansi, eti ya kumrudisha Lubna chuoni. Gari hatuna. Nimebeba esansi kwa miguu mpaka Buyenzi, watu wananiamkia kama waziri.

Jumatano, 18 Septemba

Nimemwita Ilyasi. Nimemwambia ugonjwa wenyewe, jina lake refu, foto nimemwonyesha. Damu sikuitaja.

Aligeuza ile foto juu chini. Akasema: "Shemeji, hii ni kivuli tu." Nikamwambia walii wa binti akiwa hana akili timamu ndoa haifungiki, ulezi unakuja kwako wewe, ami yake. Yeye si mjinga, anajua. Ndiyo maana akaanza kutoka jasho. Nani anataka kumvua kaka yake kilemba mbele ya mtaa?

Akatoa njia: waje wazee na Shehe, Jumapili baada ya Alasiri, wamkalishe. Wamuulize. Asome Yasin.

Hapo ndipo nilipoona tumekwisha. Sisi hapa ndivyo tunavyopima. Tangu nizaliwe nimeona. Mtu akisemwa kichwani, wanamkalisha, anasomeshwa. Akichanganya aya, masikini, amekwenda. Akisoma vizuri, aliyemsema ndiye mwenye kasoro. "Mwenye Kurani kifuani hawi mwendawazimu" – hata mi nimeisema hiyo, tena kwa sauti.

Na Massoudi ataisoma. Ataisoma vizuri kuliko Shehe! Watapima kile ambacho ugonjwa haujagusa, wataona kizima, watasema mtu ni mzima. Ni kama kuja kukagua nyumba iliyoungua ukakagua choo cha uani.

Ilyasi anasema Massoudi akishinda, ndoa inafungwa Ijumaa na mi ninyamaze.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimemjaribu. Leo asubuhi nilikaa sakafuni mbele yake nikalia. Nilianza kwa uongo. Haikuchukua muda kikawa kilio cha kweli.

Alisema nisogee, nimeziba televizyo.

Nimeanza kuficha visu vya ngozi anapomaliza kazi. Hajawahi kuninyooshea hata kidole. Lakini kilichokuwa kinamzuia mtu kipo wapi? Nimekiona kwenye foto. Ni nafasi nyeusi.

Ijumaa, 20 Septemba

Naweka hesabu ya mambo, kichwani haikai.

Nikinyamaza: Lubna anakwenda kwa Khaled, mke wa tatu, chuo basi, kwa mkono uliotolewa na mtu ambaye hayumo ndani.

Nikisema nusu, ni mishipa: Shehe atamsomesha Yasin. Nimeshindwa.

Nikisema yote, kwamba ni ule uliomla baba mkwe, kwamba uko kwenye ukoo: wataamini mara moja. Wazee wanaelewa damu haraka kuliko foto. Khaled mwenyewe atakimbia. Na kila mwanaume mwingine wa Bujumbura atamkimbia Lubna, leo na kesho. Mwanvua atahakikisha. Ile nyumba ya wale wenye majini. Na Ilyasi naye ni mtoto wa baba mkwe. Ana watoto watano. Nitakuwa nimewahukumu wote hapo kwenye mkeka, bila kipimo, kwa labda ya Dokta.

Nimempigia Dokta. Nikamuuliza: hakika ni ya damu? Akasema: apana, Mama, hakika siwezi. Nikamuuliza: hakika si ya damu? Akasema: hilo nalo siwezi.

Lubna amenikuta na simu mkononi. Ananiuliza Dokta anasemaje. Nikasema anatusalimia.

Jumamosi, 21 Septemba

Lubna ametoka chumbani, ameosha vyombo vyote, hata visivyo na uchafu. Akaniambia atafanya kimoja tu: kesho ataingia kwa wanaume amuombe baba yake mwenyewe. Nikamwambia haifai, binti haingii kwenye baraza. Akasema: "Haifai pia kutolewa kwa halua, Mama, na imefaa."

Sikumkataza mara ya pili. Nilikuwa nimeshaona Alhamisi atakachojibiwa. Ningeweza kumwambia. Nimetia unga wa sambusa maji, nikakanda.

Jumapili, 22 Septemba

Naandika jikoni. Wako sebuleni wote.

Walikuja baada ya Alasiri: Shehe, wazee wawili, Ilyasi, Khaled na kanzu mpya. Massoudi katikati. Nilimwogesha mwenyewe, akakaa kama bwana harusi. Sisi wanawake nyuma ya pazia, mi na Lubna na Mwanvua.

Shehe alianza kwa upole. "Fundi, tuko mwezi gani?" Akajibu. "Baba yako nani, babu yako nani?" Akapanda mpaka babu wa tano, akawataja na walikozikwa. Mzee mmoja akasema: mi mwenyewe nagotea wa tatu. Wakacheka. Massoudi akacheka pia, kwa kuwa wao wamecheka; nimeshagundua, anawafuata, kama mtu asiyejua wimbo.

"Tusomee Yasin."

Akasoma. Subhanallah. Sauti ile ile iliyonipata mimi nina miaka kumi na tisa. Nyumba yote ikatulia, hata wapangaji uani. Hapo nyuma ya pazia, kwa kitambo, na mi nilisahau. Nilimwona mume wangu mzima, nikasema labda Dokta alibadilisha foto. Mzee mmoja alijifuta macho kwa kilemba.

Alipomaliza Shehe akapumua. Akasema kwa sauti ya kutufikia: "Mama Lubna, umesikia mwenyewe. Mwenye hii kifuani anasemwa nini?" Mwanvua akanifinya paja, kama kusema aibu, wifi.

Nikasema kupitia pazia: Shehe, nimesikia. Mumepima kilichoachwa. Naomba mupime na kilicholiwa.

Hawakuelewa. Ilyasi akasema: "Shemeji, basi sasa." Lakini Lubna alikuwa ameshainuka. Akapita pazia. Mwanvua akamshika ncha ya ushungi, ukabaki mkononi mwake.

Alipiga magoti mbele ya baba yake, akamshika mikono miwili. Hakupanga maneno. "Baba, sitaki. Baba, nihurumie, mi mutoto wako." Analia kilio cha utotoni, kile cha kukosa pumzi. Wanaume wakatazama chini. Khaled akaanza kuhesabu tasbihi ambayo hakuwa nayo.

Massoudi alimtazama kama anavyotazama kiti cha kupimwa. Akasema: "Songa. Unaziba feni."

Lubna hakusonga.

Basi akainua mguu, akauweka begani kwa binti yake, akamsukuma. Polepole. Bila hasira, bila hata kukunja uso. Kama mtu anavyosogeza kigoda. Lubna akaanguka kiubavu kwenye mkeka, na yeye akafunga macho, upepo ukampiga, akasema ah.



Khaled ndiye aliyesema kwanza. Aliweka kikombe chini. "Massoudi... huyu ni mutoto wako."

"Ndiyo," Massoudi akasema. "Lubna. Alizaliwa Jumatatu, mvua inanyesha. Mama yake alikuwa na kitenge cha bluu."

Kweli. Kilikuwa cha bluu.

Shehe akasema astaghfirullah. Khaled alivua kofia yake mpya akaiweka gotini, akasema yeye hachukui mke kwa mkono huu, Fatiha ile airudishe Mungu mwenyewe. Nikashukuru. Nikajua tumepona! Nilikuwa nimepona kwa muda wa kumeza mate.

Kwa sababu Ilyasi alikuwa hamtazami Lubna wala Khaled. Anautazama mguu wa kaka yake. Uso umekuwa wa majivu. Akasema taratibu, kama anaongea peke yake: "Baba alimusukuma mama hivi. Hivi hivi. Na mguu." Kisha akageukia pazia. "Shemeji. Ile ya Dokta – inatoka wapi? Iko kwa damu?"

Mwanvua akaniachia paja. Ni baba yake pia.

Shehe akainua kichwa. Wazee wakainua vichwa. Khaled, kofia gotini, akamtazama Lubna pale mkekani, na nikaona macho yake yakibadilika; alikuwa anamwonea huruma, sasa anampima.

Nikasema: chai. Ngojeni nilete chai. Vikombe vyao vimejaa.

Sasa niko hapa. Moto nimewasha, birika nimeweka, tupu, nimesahau maji. Nikisema ndiyo, Ilyasi atatoka humu mgonjwa, na watoto wake watano, na Lubna. Nikisema apana, yule kijana mwenye viatu vya kung'aa yuko Rohero, kesho Ilyasi atakwenda kumuuliza. Nikisema sijui – ndiyo kweli yenyewe, na hakuna atakayeisikia. Kwa watu, sijui ya mama ni ndiyo.

"Shemeji!" Ilyasi anaita. Sauti yake imepasuka.

Lubna ameingia. Amefunga mlango, ameegemea. Bega ameshalifuta vumbi. Machozi yamekauka, upesi hivi! Tangu mtoto yuko hivyo, hulia upesi na kunyamaza upesi. Nafikiri ni tangu mtoto. Namtazama uso na jicho lile lile ninalomtazamia baba yake, siwezi kulizuia, na yeye ameliona.

"Mama," anasema. "Damu gani?"

Hajasonga mlangoni. Naendelea kuandika, kana kwamba mtu akiwa anaandika haulizwi kitu.